SIRI YA MGONJWA KATIKA MANIEMA YA KUSINI: KUTOKA BARUA YA KABAMBARE (1871) HADI KADI YA KASONGO

1. Utangulizi

Wanahistoria wanapoitaja Nyangwe, aghalabu hutaja soko lake, misafara ya pembe na watumwa, na mauaji ya tarehe 15 Julai 1871 ambayo Livingstone aliyashuhudia kwa macho yake. Wanapoitaja Kasongo, humtaja Tippu Tip na vita vya mwaka 1893, ambavyo majeshi ya Dhanis yaliiteka Nyangwe mwezi wa Machi na Kasongo mwezi wa Aprili. Hayo yote ni kweli na yamekwisha kuandikwa mara nyingi. Makala haya yanakusudia kuingia katika historia ya eneo hilohilo kwa mlango mwingine, nao ni mlango wa mgonjwa. Swali letu ni hili: tangu zama za misafara hadi leo, ni nani aliyekuwa na haki ya kuyajua maradhi ya mtu, ni nani aliyeyaandika, na maandishi hayo yalikwenda wapi?

Swali hili halikutujia maktabani. Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya aliketi katika benchi la kituo kimoja cha afya, miongoni mwa watu wasiopungua ishirini waliokuwa wakingoja zamu. Muuguzi alichungulia dirishani akamwuliza mama mmoja kijana, kwa sauti iliyotufikia sote, kama bwana wake amekubali kuja kupimwa naye. Hakuutaja ugonjwa. Haikuwa lazima autaje, kwa kuwa kila aliyeketi pale alikwisha kuelewa. Yule mama alisimama, akaikunja kadi yake ndani ya kikwembe, akaondoka bila kujibu. Muuguzi yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi nyingi na chumba kimoja. Lakini zamu ya mama yule ilipita, na hakurudi siku ile.

Ni dhahiri, basi, kwamba siri ya mgonjwa si pambo la hospitali za mijini. Ni sharti la tiba yenyewe. Tutajaribu kulithibitisha jambo hilo kwa hatua nne za historia, kisha tutalitazama upande wa lugha.

2. Barua ya Kabambare

Mwezi wa Julai 1870 Livingstone alirejea Kabambare, mahali anapopaita Bambarre katika maandishi yake, akiwa na vidonda vya miguu vilivyomzuia kutembea kwa muda mrefu. Alikuwa tabibu mwenye leseni aliyoipata Glasgow mwaka 1840, lakini dawa zake zilimwishia. Anaeleza kwamba kilichomsaidia ni jiwe la malakiti lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Aliondoka Kabambare mwezi wa Februari 1871 na kufika Nyangwe mwishoni mwa Machi.

Katika miezi hiyo ya kukaa kitako, tabibu huyu aliandika sana juu ya maradhi ya watu wengine. Aliandika juu ya safura, akalihifadhi jina hilohilo la Kiswahili, akaeleza jinsi wagonjwa walivyokuwa wakila udongo. Aliandika vilevile juu ya ugonjwa aliouona wa ajabu kuliko yote: watu waungwana waliotekwa na kutiwa utumwani walikufa bila jeraha wala homa iliyojulikana, wakiweka mkono kifuani na kusema kuwa maumivu yao yalikuwa moyoni. Maelezo hayo yalichapishwa London mwaka 1874 katika shajara zake za mwisho, zilizohaririwa na rafiki yake, kasisi Horace Waller. Wagonjwa wale hawakuulizwa kama walipenda maumivu yao yasomwe.

Lakini tarehe 5 Februari 1871, palepale Kabambare, Livingstone alimwandikia Waller barua juu ya afya yake mwenyewe. Karatasi na wino vilikuwa vimempungukia. Alimwambia kuwa hali yake ilikuwa mbaya mno, kuwa alikuwa kama mzee aliyepotewa na meno, na kuwa alikuwa na shaka kama wangeonana tena duniani. Akaongeza sharti moja: habari hiyo ilikuwa kwa macho ya Waller peke yake.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mtu mmoja, mahali pamoja, katika muda wa miezi michache, aliyaandika maradhi ya wengine kwa ajili ya ulimwengu wote, na maradhi yake kwa ajili ya jicho moja tu. Hatusemi hivyo kwa kumlaumu. Maandishi yake juu ya wale waliokufa kwa huzuni ni ushahidi mkubwa dhidi ya biashara ya watumwa, na bila hayo tusingejua lolote juu yao. Tunachosema ni kwamba, katika historia ya nchi hii, siri ilikuwa mali ya mwenye kalamu. Aliyeandikwa hakuwa nayo.

Hata hivyo, mwenye kalamu naye hakuweza kuihifadhi milele. Livingstone alifariki mwaka 1873. Maiti yake ilipofikishwa London mwaka uliofuata, ilitambuliwa na daktari mpasuaji kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba miaka mingi kabla. Barua ya Kabambare nayo, ambayo wino wake ulikuwa umefifia na kupenya karatasi, ilisomwa upya mwaka 2010 kwa ufundi wa kupiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na magazeti ya nchi nyingi yakayachapisha maneno yaliyokusudiwa macho ya mtu mmoja. Tunapata hapa fundisho la kwanza: maandishi juu ya mwili wa mtu huishi kuliko mwili wenyewe, na hakuna ajuaye leo ni kwa chombo gani yatasomwa kesho.

3. Shingo iliyo wazi: Kasongo na ugonjwa wa malale

Hatua ya pili inaanzia Kasongo. Mwaka 1903 Chuo cha Maradhi ya Nchi za Joto cha Liverpool kilipeleka Kongo ujumbe wa madaktari kuchunguza ugonjwa wa malale, kwa mwaliko wa mfalme Leopold II. Miongoni mwao walikuwamo Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd. Walipanda mto hadi nchi ya Maniema. Wakiwa mashariki ya Kongo walithibitisha pia kwamba homa ya vipindi huenezwa na kupe wa nyumbani, yaani papasi, na wote wawili waliugua homa hiyo. Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Kijidudu cha homa hiyo kinaitwa kwa jina lake hadi leo.

Kazi yao juu ya malale ilileta utaratibu uliogusa maisha ya mamilioni. Dutton na Todd walishauri kwamba wagonjwa watafutwe kwa kupapasa tezi za shingo. Dalili hiyo haikuwa ngeni. Daktari Winterbottom aliieleza kutoka Sierra Leone mwaka 1803, akisema kuwa wafanyabiashara wa watumwa waliijua na waliwakataa watu wenye tezi zilizovimba. Msomaji aitafakari safari ya dalili hii: ilianza kama hila ya sokoni ya kukadiria bei ya binadamu, ikaishia kuwa kanuni ya tiba ya dola. Katika hali zote mbili mtu alisimamishwa mbele ya wengine, shingo yake ikaguswa, na hukumu ikatolewa hadharani.

Tangu mwaka 1906 serikali ya Kongo iliwatenga wagonjwa katika kambi maalumu, na baadaye wenyeji walitakiwa kuwa na pasi ya matibabu ili kusafiri kutoka maeneo yaliyoambukizwa. Timu za kutembea zilifika vijijini, watu wakapangwa mistari, majina yakasomwa katika orodha ya sensa. Nchini Kamerun, chini ya daktari Jamot katika miaka ya 1920, matokeo ya vipimo yaliandikwa juu ya ngozi ya kifua cha mtu. Dawa ya atoksili, iliyotumiwa zaidi miaka ya mwanzo, iliweza kumpofusha mgonjwa. Haishangazi kwamba watu wengi walitoroka walaposikia timu inakuja.

Tusiwe wadhalimu kwa waliotangulia. Malale iliua watu wengi sana, na kampeni zile zilichangia kuipunguza. Daktari mwenye maelfu ya watu na hadubini moja hakuwa na nafasi ya kumwita kila mmoja faraghani. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa na ya kudumu. Tiba ilijulikana kama kitu kinachofanywa hadharani, chini ya askari na mbele ya chifu. Karatasi ya daktari ikawa ndugu ya karatasi ya kodi: zote mbili zilikuwa na jina lako, na zote mbili zilisomwa na mtu uliyemwogopa.

4. Kadi ya Kasongo

Hatua ya tatu ni tofauti kabisa, na inastahili kujulikana zaidi na wasomaji wa Kiswahili. Mwaka 1971 Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, kilianzisha katika wilaya ya Kasongo mradi uliokuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la mji huo. Nia ilikuwa kujaribu mfumo wa wilaya nzima: vituo vya afya vinavyoongozwa na wauguzi karibu na watu, na hospitali ya Kasongo ikiwa nyuma yao kwa yale yanayovishinda vituo. Mafunzo yake yaliingia katika mawazo yaliyozaa mfumo wa zoni za afya nchini Zaire, ambazo katika miaka ya 1980 zilihesabiwa kuwa 306.

Chombo kimoja cha mradi huo kinatuhusu hapa, nacho ni kadi. Kadi ya mgonjwa ilibaki kituoni ili historia yake isipotee. Kadi za wenye maradhi ya muda mrefu, za waja wazito na za watoto wadogo zilipangwa hivi kwamba muuguzi aliweza kuona mara moja nani alipaswa kuja na hakuja, kisha akamtafuta. Tukiilinganisha kadi hii na orodha ya malale, tunaona tofauti ya msingi. Orodha ilimtafuta mtu kwa ajili ya dola; kadi ilimtafuta kwa ajili yake mwenyewe. Orodha ilisomwa uwanjani. Kadi ilikaa katika sanduku.

Mradi ulitoa pia mfano wa namna ya kutumia habari za wagonjwa bila kuwafichua. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha uchunguzi juu ya chanjo ya surua na jinsi ilivyoathiri uhai wa watoto wa Kasongo wenye umri wa miezi 7 hadi 35. Uchunguzi huo ulijadiliwa na wataalamu wa nchi nyingi. Ndani yake mna watoto waliohesabiwa na vifo vilivyohesabiwa. Hamna mtoto aliyetajwa. Hata waandishi walitia saini kwa jina la timu. Ulimwengu ulijifunza kutokana na vilio vya Kasongo, na hakuna mzazi aliyeaibishwa.

Lakini kadi ilileta mashaka ya aina mpya. Daktari wa zama za malale alikuwa mgeni, naye alipita. Muuguzi wa kituo cha afya ni jirani. Ni mjomba wa mtu, ni mke mwenza wa mtu, anaswali au anasali na wale anaowatibu. Ukaribu huo ndio nguvu ya kituo, na ndio hatari yake. Methali inasema kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata ikianza kuzungumza, nani atakuja tena kuteka maji?

5. Sheria na vita

Sheria ya nchi haikunyamaza. Kanuni ya adhabu ya mwaka 1940, kifungu cha 73, inamwadhibu kwa kifungo cha mwezi mmoja hadi sita na faini, au kwa moja tu ya adhabu hizo, mtu yeyote aliyewekewa siri kwa sababu ya kazi yake akaitoa, isipokuwa anapoitwa kutoa ushahidi mahakamani au sheria inapomlazimu kuitangaza. Sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi vya sida, ikiwemo haki ya kutotangaziwa hali yao. Mwaka 2023 ilitolewa kanuni ya mambo ya dijitali, ambayo inahusu pia habari za watu zinazotunzwa katika mashine.

Hapana budi kufafanua lile sharti la pili la kifungu cha 73, maana ndilo linaloleta mkanganyiko. Kipindupindu kikizuka, kituo kinalazimika kuitaarifu zoni ya afya, na zoni kuitaarifu ngazi ya juu. Wajibu huo ni wa haki, kwa kuwa unaokoa wengine. Lakini kuitaarifu zoni si kulitangazia soko. Taarifa hupanda juu kwa njia yake, kwa kiasi kinachohitajika, mara nyingi kwa hesabu bila majina. Chifu, mwajiri, shemeji na askari hawamo katika njia hiyo, hata wakija na sauti nzito.

Sauti nzito hizo tulizijua vizuri. Vita vya mwaka 1996 na vile vya 1998 hadi 2003 viliipitia Maniema, na katika maeneo ya Kasongo na Kabambare watu wenye silaha wameendelea kuonekana baada ya hapo. Wanawake wengi walibakwa. Mwaka 2006 sheria mbili mpya zilitolewa dhidi ya ukatili huo. Sasa tuitazame hesabu ya saa. Dawa ya kuzuia virusi vya sida baada ya kubakwa inapasa kuanza kabla ya saa 72 kupita. Mwanamke aliye mbali huhitaji siku nzima, pengine mbili, ili akifikie kituo kwa miguu. Muda uliobaki ni mdogo mno kuutumia katika kujiuliza kama daftari la kituo litasomwa na shangazi wa mumewe. Akisita siku moja kwa kuogopa aibu, siku hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake. Katika hali kama hiyo, mdomo wa muuguzi ni sehemu ya tiba sawa na vidonge.

6. Upande wa lugha

Pengine msomaji atauliza kwa nini mwanaisimu anajishughulisha na jambo hili. Jibu ni kwamba wauguzi wetu hufundishwa wajibu wa siri kwa Kifaransa, nao huutimiza au kuuvunja kwa Kiswahili. Daftari huandikwa kwa Kifaransa. Benchi husikia Kiswahili. Wapo wanaodhani kuwa kulitamka jina la ugonjwa kwa Kifaransa ni kulificha. Dhana hiyo haina msingi: neno sida liliingia kwa Kifaransa, na leo hakuna mtoto asiyelijua.

Kiswahili kina maneno manne yanayotosha kuibeba maana yote, nayo yafaa yatofautishwe. Siri ni habari yenyewe isiyopaswa kutoka. Faragha ni mahali au hali ya kuwa mbali na macho na masikio ya watu. Chumba kisicho na pazia hakina faragha hata kama muuguzi ni mwaminifu. Sitara ni kitendo cha kumfunika mtu asiaibike, na kitenzi chake ni kusitiri. Amana ni kitu alichowekewa mtu akitunze, ambacho si chake na hana ruhusa ya kukitumia. Neno ambalo sheria ya 1940 inalitumia kumwita mtunza siri lina maana hiyohiyo ya mwenye kuwekewa amana. Kwa hiyo anayesema kuwa siri ya mgonjwa ni fikra ya kigeni amekosea. Sheria iliandikwa kwa lugha ya kigeni, lakini wazo lake lina jina la zamani katika lugha yetu.

Kuna methali mbili ambazo huletwa kama kwamba zinapinga siri: Mficha uchi hazai, na Mficha maradhi kifo humuumbua. Zote mbili zinatumiwa kumhimiza mgonjwa aseme. Ni sahihi. Lakini tukizichunguza, zinamwelekea mgonjwa mbele ya mganga au mkunga, si mbele ya kijiji. Tena zina sharti lisilotamkwa: asiyeficha kwa munganga ni yule anayejua kuwa munganga atamfichia. Anayetaka ya kwanza bila kuitimiza ya pili anadai mkopo asiokuwa na dhamana nao.

Liko pia neno uungwana. Kiswahili cha Maniema kiliitwa Kingwana kutokana na waungwana wa misafara, na katika Nyangwe ya zamani neno hilo lilitenga aliye huru na aliye mtumwa. Wenye kutekwa walipapaswa na kuandikwa, waungwana walisitiriwa. Ikiwa leo tunasema kuwa watu wote ni huru, basi tafsiri yake katika kituo cha afya ni kwamba kila aingiaye anasitiriwa, awe mfanyabiashara mkubwa au mama aliyekuja kwa miguu.

7. Hitimisho

Tumeona hatua nne. Kabambare mwaka 1871, siri ilikuwa ya mwenye kalamu. Katika kampeni za malale, haikuwa ya mgonjwa yeyote. Kasongo tangu mwaka 1971, kadi ilionyesha kuwa inawezekana kumjua mgonjwa kwa faida yake na kuuarifu ulimwengu kwa hesabu tu. Vita vikaonyesha thamani ya siri kwa kipimo cha saa.

Mapendekezo yetu ni machache na hayahitaji fedha nyingi. Mgonjwa aitwe kwa namba au kwa jina tu, maswali yangoje ndani. Pawepo pazia au mlango, na benchi lisogezwe mbali na dirisha. Daftari lifungiwe kabatini, na lisipigwe picha kwa simu kwa sababu ya wepesi. Mfagiaji, mlinzi na mwandishi wa kituo nao waape, kwa kuwa nao husikia. Mwisho, na hili ndilo linalotuhusu sisi wa lugha, wajibu wa siri ufundishwe kwa Kiswahili katika shule za uuguzi za Maniema, kwa maneno ya siri, faragha, sitara na amana, ili muuguzi ausikie kwa lugha ileile atakayoongea dirishani.

Livingstone alikuwa na mtu mmoja wa kumwambia hali yake, na akamwomba asimwambie mwingine. Mama yule wa kwenye benchi aliomba jambo hilohilo kwa kuikunja kadi yake na kuondoka. Ombi lake linadai jibu, na jibu hilo limo katika uwezo wetu.